Komeo la Bafuni

Mtaani walimwita Fundi Randa, na milango mingi ya pale aliipachika yeye. Aliijua kama mtu anavyowajua majirani zake: upi unalalamika, upi unaleta kiburi mvua ikinyesha, upi hautaki kuguswa. Lakini nyumbani kwake mwenyewe hakukuwa na mlango wa ndani wenye komeo. Aliyang'oa yote tangu binti yake, Kidoti, alipoanza kutambaa.

Kidoti alizaliwa kabla siku zake hazijatimia. Wiki kadhaa baba yake alimtazama kupitia kioo cha wodi, hawezi hata kumgusa kidole. Tangu hapo roho yake ilikaa juu juu. Mtoto akikohoa, baba ameshavaa viatu vya kwenda hospitali. Akijikwaa, baba ndiye anayepiga kelele.

"Huyu utamweka mfukoni mpaka aolewe?" mkewe alimtania.

"Mfukoni kuna misumari," alijibu, wala hakucheka.

Sasa Kidoti alikuwa darasa la pili na amepata neno lake jipya: mwenyewe. Viatu nafunga mwenyewe. Chai najimiminia mwenyewe. Jioni moja alimfuata baba yake karakanani, mikono kiunoni.

"Baba, nataka komeo bafuni."

"La nini tena?"

"Mdogo wangu anaingia nikiwa naoga. Na wewe nikinyamaza kidogo tu unaniita."

Mkewe, aliyekuwa anaanua nguo, akakohoa kile kikohozi cha kusema umesikia hiyo. Fundi akatafuta komeo kwenye kisanduku chake. Alilipachika komeo chini, mkono wa mtoto unapofika, na skrubu moja ilimponyoka mara mbili kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza kazi.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mkewe alikuwa zamu kiwandani, mtoto mdogo amelala. Kidoti akaingia kuoga na taulo lake begani. Fundi akakaa sebuleni, eti ananoa patasi. Alisikia maji, kisha wimbo, kisha maji yakakatika. Chuma kikagongagonga. Halafu kimya.

"Kidoti?"

"Baba, halitoki."

Patasi ikamdondoka. Alifika mlangoni hajui amefikaje. Akausukuma kwa bega, haukutikisika. Ulikuwa umevimba kwa unyevu na kulibana komeo. Bawaba zilikuwa upande wa ndani. Dirisha lilikuwa na nondo alizozikaza yeye mwenyewe, kwa hofu ya wezi. Akarudi nyuma, akanyanyua mguu auvunje.

"Sogea!" alipiga kelele. "Sogea huko!"

"Nisogee wapi? Ni padogo! Baba, usipige, unanitisha!"

Mguu ukabaki hewani. Mlango ule ulifungukia ndani. Ukivunjika, ungemwangukia. Fundi akaushusha mguu taratibu, akachuchumaa na kuweka shavu kwenye mbao. Alimsikia mtoto akilia kwa kwikwi ndani. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Pole, mama. Sipigi tena. Umeshika kichwa cha komeo?"

"Kinateleza."

"Kishike kwa ncha ya taulo. Mimi nauinua mlango kwa kishikio, wewe unavuta. Haya, sasa."

Akainua kwa nguvu zake zote. Hakuna kitu. Akainua tena, mbao zikalia.

"Umeinua sana!" sauti ikatoka ndani, bado ina machozi, lakini sasa inafoka. "Shusha kidogo. Kidogo, baba! Hapo hapo. Usitikisike."

Kutotikisika ndiko kulikomshinda. Akaegemeza bega kwenye fremu ya mlango. Akabana pumzi. Chuma kikalia kwa mkwaruzo mrefu, kikaachia.

Kidoti akatoka amejifunga taulo, macho mekundu. Baba yake akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anamsonga. Kisha fundi akainuka kwenda kuchukua bisibisi. Kidoti akajua inakwenda kufanya nini.

"Usiling'oe."

"Umekwama humo, mwanangu!"

"Na nimetoka. Nimevuta mimi."

Alisimama na bisibisi mkononi muda mrefu. Mwishowe akairudisha mahali pake, akaleta randa. Akaushusha mlango, akaupunguza ukingo mpaka komeo likaenda na kurudi kwa kusukumwa na kidole kimoja, akarudia kulijaribu mpaka Kidoti akachoka kumtazama.

Kesho yake jioni Kidoti akaingia tena bafuni, akafunga. Mkewe alikuwa jikoni, akamwona mumewe amesimama ukumbini kama mlinzi, akatikisa kichwa.

"Baba, uko hapo?" Kidoti aliuliza kutoka ndani.

"Sipo."



"Basi nenda mbali zaidi."

Fundi Randa akaenda hadi barazani, akaketi. Kutoka pale maji hayakusikika. Lakini alikaa, viganja ameviminya katikati ya magoti, akingoja aitwe.