Kidole cha Pono

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wiki ya kwanza tu alilala katika somo la hesabu hadi akaamshwa na mfagiaji aliyetaka kufagia chini ya miguu yake, na tangu siku hiyo akawa Pono, yule samaki anayesifika kwa usingizi. Naye hakulikataa. Saa tatu za usiku, wenzake wa uhandisi wakianza kuchemsha kahawa, yeye alikuwa ameshapiga mswaki. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa macho, daftari mbele yake, bweni zima likikoroma. Lakini alfajiri hiyo nani aliiona? Watu waliiona saa nane ya mchana tu, pale alipolaza kichwa juu ya meza ya maabara na kwenda zake.

Wala haukuwa uvivu, mimi simtetei bure. Dada yake aliyemlea ni fundi cherehani, na utoto wote Pono alilala chini ya meza ya kushonea, mkono mmoja umekamata mguu wa meza, mashine ikinguruma juu yake. Mpaka leo hawezi kulala mchana bila mkono wake kushika kitu, na chochote kinachonguruma taratibu humfumba macho. Sasa maabara ya umeme ina transfoma sita, zote zikinguruma tangu asubuhi. Mtu afanyeje?

Mwaka wa mwisho ukaja na amplifaya. Kila mwanafunzi alipewa mchoro, transista tatu, rundo la vikorokoro na ubao wa kuvilehemu, akaambiwa ajenge mwenyewe saketi ya kukuza sauti ndogo iwe kubwa. Mhadhiri hakuzungusha maneno: Ijumaa asubuhi kila mtu ataiwasha mbele yake, na ambaye yake itakataa atarudia mwaka.

Kwa wengine, kurudia mwaka ni aibu ya wiki mbili, kisha watu husahau. Kwa Pono haikuwa hivyo. Dada yake alikuwa amekubaliwa chuo cha uuguzi, jambo alilolitaka tangu akiwa msichana, akaomba asubiriwe mpaka mdogo wake, aliyemlipia karo kwa cherehani, amalize kwanza. Chuo kikamshikia nafasi mwaka mmoja, na kikaandika wazi kwenye barua kwamba hakutakuwa na wa pili. Dada hakuwahi kumkumbusha hilo hata kwa fumbo. Angemkumbusha, pengine lisingemuuma sana hivyo.

Jumatatu Pono aliunganisha betri na spika, akatia waya kutoka kwenye redio ndogo ili asikie taarifa ya habari ikitoka kwa sauti kubwa. Kilichotoka ni mluzi, mwembamba na mkali, watu wote wakaziba masikio. Akakagua kila kiungo. Akahesabu upya kila rizista. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na mluzi nao ulikuwa mahali pake.

Popo, waliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa na dawa tayari. Popo hakulala usiku, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia gari. Alimwambia Pono kwamba saketi haijengwi na mtu anayelala na kuku, na kwamba akeshe nayo usiku mbili tu, itajileta yenyewe. Kwamba Popo mwenyewe alisinzia katika kila somo macho yakiwa wazi, hilo hakulitaja.

Pono akakesha. Wahenga walishasema, samahani kwa walio mezani, ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Kufikia Jumatano asubuhi alikuwa amemwamkia mlinzi mara mbili akidhani ni mhadhiri, ameunguza kidole gumba, na amelehemu transista ya pili nyuma mbele. Alipowasha, kikatoka kimoshi chembamba, na transista ikawa imekwenda na maji.

Mama Fundi, mtunzaji wa maabara, alimpa nyingine bila kumgombeza. Ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekwisha kuona wanafunzi wa kila aina.

"Mwanangu," alimwambia, "umeme wako hauna neno. Wewe ndiye uliyekatika. Lala."

Pono akaifunga ile transista mpya, safari hii sawasawa. Mluzi ukarudi vilevile. Akaugeuza ubao chali achunguze nundu za risasi ya kulehemu kwa nyuma, akaweka mkono juu yake, na transfoma sita zikamchukua. Alilala usingizi wa pono hasa, spika imewashwa.

Mama Fundi alikuwa anakunywa chai yake alipohisi kuna kitu kimepungua chumbani. Ilimchukua muda kutambua ni nini. Mluzi haukuwapo. Kwenye spika, mtu alikuwa anasoma habari za hali ya hewa, neno kwa neno, safi kabisa. Pono akajinyoosha, akainua mkono, na mluzi ukapasua hewa.

Mama Fundi aliweka kikombe chini, akaja taratibu.

"Ukilala inanyamaza, ukiamka inapiga kelele. Hebu rudi ulale."

Pono alicheka. Kisha akaacha kucheka, akageuza kiganja. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na vishimo viwili vidogo, ngozi ilipogandamizwa na nundu za risasi. Ngozi huwa haitunzi siri muda mrefu, vishimo vilikwishaanza kujaa. Akakipeleka kidole kwenye ubao mbiombio, akakigeuza huku na huku mpaka vishimo vikaketi juu ya nundu zake: mguu wa katikati wa transista ya pili, na mguu wa pembeni. Akabonyeza hapo. Hali ya hewa ikaendelea, mvua kiasi mchana.

Kidole hakilehemiwi. Akatafuta kitu kidogo cha kufanya kazi ya kidole, akajaribu kapasita moja, mbili, na ya tatu, ndogo kama punje ya dengu, ikashika. Aliondoa mikono yote miwili, akairudisha nyuma kabisa, na mtangazaji akaendelea kuzungumza. Pono alifurahi mpaka akataka kumkumbatia Mama Fundi, akamshika mkono tu. Usiku huo Popo alimletea kahawa, akamkuta amelala.

Ijumaa mhadhiri aliwasha, akasikiliza, akavaa miwani na kuinamia ubao. Akagusa ile punje kwa ncha ya kalamu.

"Hii haimo kwenye mchoro wangu. Umeijuaje?"

Pono alikuwa na majibu mawili, moja la heshima na moja la kweli.

"Nililala juu yake, mwalimu."

Kisha akaeleza, kwa sababu zile alfajiri hazikupotea bure: kwamba sauti nyembamba mno zilikuwa zinazunguka kutoka mwisho wa saketi na kurudi mwanzo, zikijilisha zenyewe mpaka ziwe mluzi, na kapasita inazituliza kabla hazijapata nguvu. Mhadhiri alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akaandika alama, akasema mchoro wa mwaka ujao utaongezwa kapasita hiyo.

Pono alimpigia dada yake simu akiwa bado mlangoni. Nyuma ya sauti ya dada cherehani ilikuwa inanguruma, kama siku zote, maana dada huongea huku akishona. Akamwambia amefaulu.

"Umelala lakini?" dada akauliza. "Maana nakujua, mtihani ukikaribia unaanza kuiga watu."

"Nimelala, dada."

Cherehani ikanguruma mshono mmoja zaidi, kisha ikanyamaza. Pono alisubiri iendelee. Katika maisha yake yote hakuwahi kuisikia ikinyamaza asubuhi.

"Dada?"

"Nipo," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Natafuta ile barua ya chuo."