Ubao wa Wahunzi wa McGowan

Kila asubuhi, kabla ya chai, Attracta McGowan huvuka barabara na kuwasha moto katika karakana ya mhunzi ambayo si yake. Hupanga makaa ya mawe, huvuta mvukuto, husubiri mpaka yawe mekundu. Kisha hurudi nyumbani kula mkate wake na siagi. Nyumba nayo si yake.

Vyote ni vya Fergal, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyezaliwa London. Mzee McGowan, baba yake Attracta, aliandika katika wosia kwamba mali iende kwa mwanamume mwenye jina la ukoo. Lakini mikono ya mzee huyo ilikufa ganzi mwaka 1962, na tangu hapo hadi alipofariki, miaka ishirini na tisa, aliyeshika nyundo ni Attracta. Kila chuma cha kwato za farasi alikipiga chapa ya baba yake.

Mwaka jana Fergal aliifungua karakana kwa watalii. Mlangoni akatundika ubao wenye majina ya wahunzi sita, baba kwa mwana, wa mwisho akiwa mzee huyo: 1931 hadi 1991. Kuwasha moto hajui.

Mimi nilikuwa nakusanya maana za majina ya koo kwa ajili ya chuo. Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu siku Attracta alipomwomba Fergal amwandikie mstari mmoja ubaoni, chini ya jina la baba yake.

"Shangazi, McGowan maana yake ni mtoto wa kiume wa mhunzi," Fergal alisema. "Nikiweka mwanamke, wageni wataanza maswali."

"Waache waulize. Nitakuwa hapohapo nawawashia moto."

"Usinikasirikie. Ukoo una taratibu zake."

Packie Gilmartin, jirani aliyeleta farasi wake pale miaka yote ile, alikohoa. "Farasi wangu hakusoma ubao, Fergal. Aliujua mkono."

"Basi mwandikie farasi barua."

Packie alicheka, kisha akaona aibu kwamba amecheka. Mimi niliinamia daftari langu.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kuongeza jina kwenye ubao. Nilifurahi mpaka nilipolisoma. Lilikuwa la Fergal.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Attracta ameinama mbele ya makaa kama kawaida. Nilikuwa nimeandaa maswali kumi na mawili, nikauliza moja tu.

"Bibi, jina lenu lina maana gani?"

Hakugeuka.

"Maana yake ni Fergal."