Fomu ya Kweli Kutoka Babati

Domitila Hhando alikuwa karani wa mizani katika ghala moja la kununulia mahindi mjini Babati, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusoma mshale kwa kumpendelea mtu. Wachuuzi waliozoea kujaza lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kufungwa kilemba juu kisha likahesabiwa kama gunia la kawaida, walimchukia tangu msimu wake wa kwanza. Wakulima wa Dareda na Singe walimsubiri yeye hata foleni ya karani mwingine ilipokuwa fupi. Aliwahi kumrudisha kaka yake wa tumbo moja aliyeleta maharage yaliyochanganywa na mawe. Kaka huyo hakukanyaga kwake Krismasi mbili mfululizo. Domitila alipika pilau ileile, akala na binti yake Josephine, maisha yakaendelea.

Mchezo wa raga ulimfuata kazini. Jumamosi moja Mwalimu Wilbert, aliyekuwa akiifundisha timu ya raga ya Babati, aliingia ghalani na vijana kumi na watano akaomba wapimwe kwenye mizani ya magunia. Alimweleza sababu bila kuzungusha. Katika raga kuna skramu: wachezaji wanane wa upande huu hushikana mabega na kusukumana na wanane wa upande ule, na walio mstari wa mbele ndio wanaobeba msukumo wote shingoni. Mwaka uliotangulia, kijana aitwaye Venance alikuwa ametaja kilo ambazo hana ili apangwe mstari huo. Alilala kitandani miezi mitano, na tangu hapo akitaka kutazama kando hugeuka mwili mzima.

"Sitaki tena uzito wa mdomoni, Mama Josephine," Wilbert alisema. "Nataka wa mizani."

Maneno hayo yalimwingia. Hakuwa amezoea kuona mtu mwenye cheo akija mwenyewe kuomba aambiwe ukweli. Kabla mwaka haujaisha alikuwa meneja wa timu. Alijaza fomu zao, alishona jezi zao zilizochanika, alisafiri nao hadi Moshi. Alifanya kazi na Wilbert miaka minane. Wilbert alipoteuliwa kuingia kwenye kamati ya kuchagua timu ya taifa na kuhamia Arusha, Domitila alichinja jogoo, akawaambia vijana mezani kwamba sasa huko juu kuna mtu wa haki.

Mwaka huu ikatangazwa kuwa timu ya taifa itacheza nyumbani mechi tatu na wageni kutoka Botswana. Haikuwahi kutokea kwa kizazi cha vijana wale. Nafasi mbili za mstari wa mbele zilikuwa wazi, na Babati ilikuwa na mtu: Amos Bura, fundi wa kuchomelea mageti pale Bagara, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, mgongo kama mlango. Domitila alimfahamu tangu ana miaka kumi na sita. Amos hakuwa na ndoto nyingine. Fomu ilitaka mchezaji wa mstari huo asipungue kilo mia moja, na meneja wa timu ndiye aliyetakiwa kuujaza uzito na kutia sahihi.

Amos alipopanda mizani, makuli waliacha kupakia.

"Mtolee uzito wa gunia, mama," mmoja alisema. "Huyo kavaa buti."

"Na unyevu upime," akadakia mwingine. "Huyu hajakauka."

"Tisini na saba," Domitila alisema.

Amos aliitazama namba kama mtu anayesoma barua ya posa iliyokataliwa. "Mama, tangu asubuhi nipo kwenye moto, sijala. Nikale ugali nirudi?"

"Kula, una njaa. Ila nimeshaandika."

Mchana huo alimpigia simu Wilbert, akamweleza. Wilbert akasema, "Andika unachokiona. Amos namjua kuliko mizani yako inavyomjua. Mengine niachie mimi."

Domitila alipanda bajaji hadi Bagara kumpelekea Amos maneno hayo. Amos alivua miwani yake ya kazi.

"Kasema hivyo? Mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Basi tumemaliza," Amos akasema, akarudi kuchomelea huku akiimba.

Majaribio yalifanyika Arusha kwa siku mbili. Domitila alisimama pembeni ya uwanja siku zote mbili, na alichokiona hakikuhitaji utaalamu. Kila skramu Amos aliyoingia ilikwenda mbele. Aliyepangwa kumkabili, kijana mpole aitwaye Elibariki kutoka timu nyingine, alirudishwa nyuma mpaka visigino vyake vikachimba mitaro kwenye nyasi. Jioni ya pili majina yakasomwa. Elibariki alikuwamo. Amos hakuwamo.

Orodha ilibandikwa ukutani, kila jina na uzito wake. Elibariki: kilo mia moja na sita. Domitila alikuwa amekunywa naye chai asubuhi, na mtu aliyekadiria magunia kwa macho miaka kumi na tisa hadanganyiki kwa kilo kumi. Kijana yule hakuzidi tisini na tatu. Alizunguka uwanja mzima akitafuta mahali walipopimia watu. Hapakuwa na mizani.

Alimkuta Wilbert nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, akikunja karatasi zake.

"Mwalimu, yule mtoto hana kilo mia."

"Najua."

Domitila alikuwa amejiandaa kwa jibu lolote isipokuwa hilo.

"Karibu wote hawana," Wilbert aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Walioweka kigezo hicho wapo ofisini, hawajawahi kugusa mpira. Niliwapigia simu mameneja, nikawaambia wajaze fomu ziende na kigezo. Vinginevyo tusingepata timu."

"Mimi uliniambia niandike ninachokiona."

"Wewe usingekubali, Mama Josephine. Nakufahamu."

"Hukuniuliza."

Wilbert alitazama uwanjani, kisha akasema jambo ambalo pengine hakukusudia kulisema. "Isitoshe, ilibidi awepo wa kukataliwa. Ofisini wataniuliza kama kigezo kimefuatwa. Nitawaonyesha fomu ya Babati: huyu alikuwa na tisini na saba, tumemwacha, ingawa ni kijana wangu mwenyewe. Jina lako linajulikana. Hakuna atakayeuliza zaidi."

Hapo ndipo Domitila alipoelewa alivyotumiwa. Ukweli wake ulikuwa umechukuliwa kufunika uongo wa wengine. Angekuwa mwongo kama wao, Wilbert asingekuwa na pa kujificha.

"Na Venance?" aliuliza. "Umemsahau?"

"Usiniletee Venance." Wilbert alishusha sauti. "Sikiliza. Andika barua leo, sema mizani yenu ilikuwa mbovu siku ile. Mistari miwili tu. Ofisini wakishaiona fomu ya kwanza, nitamwingiza Amos kama mchezaji wa akiba, na kwenye mechi ya pili atacheza."

"Mizani yangu si mbovu."

"Najua si mbovu, dada yangu. Nakuomba barua."

"Hapana," Domitila alisema, akaondoka bila kuaga. Alikuwa hajawahi kumfanyia mtu hivyo.

Amos alikuwa ameketi kituo cha basi, begi kati ya miguu. Domitila angeweza kumwambia nusu ya habari na kumwacha amchukie Wilbert peke yake. Wengi wangefanya hivyo na kuiita huruma. Yeye alimweleza yote, mpaka barua aliyoikataa.

Amos alikaza kamba za begi. "Barua hiyo ilikuwa inahusu nafasi ya nani?"

"Yako."

"Na ukaikataa bila kuja kuniuliza."

"Ndiyo."

"Na kama angekuwa Josephine?"

"Ningekataa vilevile."

"Najua," Amos alisema. "Ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia vizuri." Walipanda basi, akaenda kuketi kiti cha nyuma. Hakusogea mbele mpaka Babati.

Kosa la Domitila, kama lipo, ni hilo la kutomuuliza, na alilikiri siku hiyo hiyo. Lakini hata angemuuliza, jibu la barua lingebaki hapana, kwa sababu mwenye sahihi ndiye anayejibu kwa alichosaini. Mtu anayesema Wilbert alifanya vile kwa ajili ya timu aulize ni shingo ya nani itakayokuwa chini ya kilo ambazo hazipo.

Jumatatu aliandika barua kwa kamati. Alieleza alichoambiwa, akaomba kila aliyechaguliwa apimwe hadharani kabla ya mechi ya kwanza. Chini aliacha nafasi ya sahihi mbili, yake na ya mchezaji, kisha akaenda Bagara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Isome."

Amos aliisoma yote akiwa amesimama. Hakukuwa na chuki usoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza Domitila zaidi.

"Kila neno humu ni kweli," alisema. "Lakini mimi sisaini."

"Kwa nini?"

"Mwaka kesho wanachagua tena, mama. Nikisaini hii, jina langu limekwisha." Alifuta mikono kwa kitambaa, akasita. "Halafu kuna timu moja ya Arusha imenipigia. Meneja wao ameniambia nisihangaike na uzito, atajaza yeye."

"Utamwacha ajaze ngapi?"

"Zitakazotakiwa."

Domitila alimtazama kijana aliyemlea uwanjani miaka minane. Wilbert hakumwibia Amos mechi tatu tu; alikuwa amemfundisha kwamba uongo ndio unaochaguliwa. Yote aliyokuwa nayo Domitila ya kumwambia alikwisha kumwambia tangu ana miaka kumi na sita. Aliikunja barua, akaenda posta. Dirishani aliitoa tena, akakata kwa kalamu ile nafasi ya sahihi ya pili, akaandika jina lake kamili pamoja na namba ya simu, akaibandika stempu.

Majibu hayakuja. Mechi zilichezwa, na watu wa Babati walizisikiliza redioni. Domitila alikuwa kazini.