Behewa la Gadi

Katika miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika kutoka Malawi, mume wangu alivuka mto Songwe akarudi na boksi la treni ya plastiki ya kuchezea, mtumba: kichwa kimoja na mabehewa manne. Alimletea baba yake. Mzee alikuwa gadi wa treni Mbeya mpaka alipostaafu na kurudi Ipinda kwenye kokoa yake. Alikuwa na mtoto wa jicho, na giza lilizidi kila mwezi. Alitaka, kabla hajapofuka, aione tena treni yake, hasa behewa la mwisho alimokaa miaka yote.

Boksi halikuwa na behewa hilo. Mzee akaanza kukata na kuunga. Alipasha kisu kwenye mkaa, akaondoa bomba la moshi kwenye kichwa, akafanya mabehewa mawili kuwa moja refu. Lakini behewa la gadi lilimshinda. Plastiki ilijikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa.

Haya niliyajua kwa kusikia na kwa harufu. Mimi ni mkamwana wake, na katika familia za Kinyakyusa zinazoshika mila, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akipita, najificha nyuma ya migomba. Miaka sita katika kiwanja kimoja, nilimfahamu kwa kikohozi na kwa nyayo alizoacha kwenye tope.

Nilikuwa nikifundisha kazi za mikono shuleni. Nikamwambia mume wangu kwamba kisichokuwemo kwenye boksi kijengwe upya, kwa mianzi na bati la kopo la mafuta. Akapeleka neno, akarudi na jibu kwamba mianzi ni ya kujengea zizi. Nikajenga hata hivyo. Kila nilipokwama nilimtuma mume wangu akaulize: madirisha mangapi, ngazi upande gani. Siku ya tatu akachoka.

"Mwalimu, mimi si simu."

Basi nikaliacha behewa, bila mlango, juu ya kinu kilichopinduliwa kati ya nyumba zetu. Asubuhi nikalikuta na mstari wa mkaa: mlango uwe nyuma, si ubavuni nilikodhania. Tukaendelea hivyo, mzee kwa mkaa, mimi kwa kisu. Mvua zilinyesha, mpunga ukafika kiunoni, na behewa likaenda na kurudi kama linasafiri kweli. Kisha mistari yake ikaanza kupotoka. Mmoja ulivuka bati ukaishia kwenye kinu. Nikaharakisha.

Siku mume wangu alipompelekea lililokamilika, nilikaa nyuma ya ukuta wa mianzi wa jikoni. Nilisikia vidole vikipapasa bati: ngazi, mlango, kiti.

"Unaliona, baba?"

Vidole vikarudi mlangoni.

"Silioni. Lakini nimeshaingia."

Kisha, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyeketi karibu naye, akamwambia mwanawe kwamba kiti kimekaa juu mno. Ila kwa kuwa gadi mwenyewe amezeeka na magoti yanauma, kiachwe hivyo hivyo.