Nishani ya Kisima

Wiki ile wateja wa Brigitte walianza kuchukua nguo zao kabla hazijakamilika. Mmoja alichukua sketi isiyo na zipu, mwingine suti ya harusi ambayo bado ilikuwa na pini mikononi. Hakuna aliyetoa sababu. Walizikunja wenyewe, wakatazama barabarani, wakaondoka.

Brigitte alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Kalemie, mashariki mwa Kongo. Duka lake lilikuwa Bertrams, mtaa wa Johannesburg, chini ya ghorofa alimoishi na mumewe Théodore na watoto wao wawili, Glody na Héritière. Alhamisi alikuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango: wageni wawe wamefunga maduka yao ifikapo Jumapili. Théodore, aliyekuwa mlinzi wa jengo moja huko Hillbrow, aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni.

"Jumapili uko na ile sherehe yako," alisema.

"Naweza kuiacha."

"Enda. Ukiwa kule, mimi nitabaki na watu wawili tu wa kulinda."

Sherehe yenyewe ilikuwa ya chama cha watu waliokutana kila mwezi kwenye uwanja mmoja wa Midrand, wakaishi kutwa nzima kama watu wa Ulaya ya miaka mia sita iliyopita. Walivaa majoho, walipigana kwa panga butu, na walimtii mfalme waliyemchagua kwa msimu. Aliyemwingiza Brigitte humo alikuwa Tabia, karani wa ofisi moja hukohuko Midrand. Baba yake Tabia alikuwa Mwafrika Kusini aliyeishi uhamishoni Morogoro, na mama yake alikuwa wa Morogoro hasa. Mwaka 2015 Tabia alimletea Brigitte koti nene la pamba, lile linalovaliwa chini ya deraya ya chuma, limechanika kwapani. Brigitte alilifumua lote akalishona upya, kwa sababu aliyelikata mwanzo hakujua mkono unavyoinuka.

Baada ya hilo koti wakaja wengine. Kwa miaka minne Brigitte alishona mahema yao na bendera zao, aliwafundisha wanachama wapya kushika sindano, aliwafunga vidonda walioumia, na mara nyingi alikuwa wa mwisho uwanjani, anang'oa vigingi. Upanga hakuwahi kuushika. Alipoambiwa kwamba atavishwa Nishani ya Kisima, heshima ya juu kabisa ya waliotumikia wenzao, alidhani Tabia anamtania.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Septemba 2019. Saa tano asubuhi walimketisha peke yake ndani ya hema. Ndiyo desturi: mteule hukaa kimya, na wenye nishani huingia mmoja mmoja kumpa neno. Nje watu walikuwa wanafanya mazoezi, chuma kikigonga mbao. Kwa miaka minne sauti ile haikuwahi kumsumbua. Siku hiyo kila pigo lilimrudisha Kalemie ya mwaka 1998, kwenye uwanja wa nyumba yao, baba yake amepigishwa magoti mbele ya ukuta na wanaume wenye mapanga. Hakuwahi kumsimulia mtu hapa Joburg, hata Tabia.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliingia akaketi kwenye kigoda.

"Watu watafikiri tunakushukuru," alimwambia. "Ukweli ni kwamba tunakufunga. Kuanzia leo hutaweza kusema jambo fulani si kazi yako."

Brigitte aliitikia kwa kichwa.

Saa saba simu ilitetemeka mapajani mwake. Ulikuwa ujumbe wa Théodore, kwa Kiswahili cha kwao: Batu beko banavunja maduka hapa karibu, Jeppe. Banakuja huku. Usirudi.

Alipiga. Simu haikupatikana. Alipiga tena mara tatu, kisha akatoka hemani, jambo ambalo mteule hafanyi, akamtafuta Tabia.

"Dada Tabia, nipeleke nyumbani."

"Mama Glody, nimeshauliza. Barabara za kuingia kule zimefungwa kwa matairi yanayowaka. Tungoje polisi wafungue." Tabia alimshika bega. "Hii sherehe ukitaka isimame, nitawaambia sasa hivi."

Watu wapatao mia mbili walikuwa wameshaketi kwenye nyasi. Brigitte aliwatazama, na kila mmoja alikuwa amevaa kitu kilichopitia mikononi mwake.

"Ifanyike haraka," alisema. "Na panga zikae mbali. Sitapiga magoti mbele ya watu wenye panga."

Tabia alikwenda kwa mfalme, mhandisi aliyeitwa Marius. Marius hakuuliza kwa nini. Alifungua mkanda wake, akalaza upanga chini ya gari lililoegeshwa pembeni, na wengine wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Ndipo Brigitte akapiga magoti. Marius aliuliza kama atawatumikia wenye shida kadiri ya nguvu zake. "Ndiyo," alijibu kwa Kiswahili, simu ameifumbata kiganjani. Mkufu wenye kisima cha fedha ukashuka shingoni mwake, watu wakapiga makofi kwa muda mrefu. Simu haikulia.

Waliondoka saa kumi, polisi walipoanza kufungua barabara. Tabia alimpa sweta afunike vazi na mkufu. Kutoka barabara kuu waliona moshi, kwanza mmoja, halafu mitatu. Karibu na Bertrams robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, barabara imejaa mawe, na wanaume walikuwa wanatembea katikati yake wakiwa na fimbo na vyuma.

Mmoja alikuja dirishani. Alikuwa mtu wa makamo, anavuja jasho, na juu ya fulana yake alikuwa amevaa koti jekundu la mahameli lenye vifungo vya shaba. Brigitte alikuwa amelimaliza Jumamosi akaliacha dukani, koti la Marius la msimu ujao. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba duka halipo tena.

Tabia alimsalimu kwa Kizulu. Yule mtu alimtazama Brigitte, akagusa kiwiko chake mwenyewe.

"Hii inaitwaje?"

Wageni wote wa Joburg wanalijua swali hilo: asiyejua kiwiko kwa Kizulu anahesabiwa mgeni. Kuna waliopigwa kwa kukosa jibu lake. Lakini Brigitte alikuwa amepima mikono ya wanawake wa Kizulu kwa miaka kumi na moja.

"Indololwane," alisema. Akagusa bega lake: "Ihlombe." Akagusa kifundo cha mkono: "Isihlakala." Sauti yake ilikuwa ile ya dukani, ya kusoma vipimo.

Mshono wa bega la koti ulikuwa umeshaachia, na Brigitte alijikuta anautazama huo badala ya uso wake. Kisha yule mtu akagonga paa la gari kwa fimbo, wakapita.

Théodore na watoto walikuwa ghorofa ya tatu, kabati limeegemezwa mlangoni, simu imeisha chaji. Walikuwa wamesikiliza duka likivunjwa chini yao, halafu likichomwa, wakimwomba Mungu moto usipande. Haukupanda. Héritière, aliyekuwa na miaka saba, hakusema neno kwa siku mbili. Cherehani nne zilikuwa zimechukuliwa na ya tano ilikuwa katikati ya barabara, imekatika shingo.

Jumanne Marius na wenzake walikuja na bakkie, gari dogo la mizigo, wakaihamishia familia nyumbani kwa Tabia. Njiani Marius aliuliza, kwa aibu kidogo, kama koti lake lilipona.

"Liliungua," Brigitte alisema.

Desemba walirudi Bertrams kwa ajili ya shule ya watoto. Théodore aliweka mlango wa chuma. Brigitte hushona tena, bila kibao nje, na nguo zinazokamilika hazilali dukani. Wenye chama wanamwita kwa cheo chake sasa, hata kwenye simu. Théodore amemuuliza mara mbili kama si wakati wa kurudi Kalemie, naye mara zote mbili alirudi kwenye mshono wake.