Maji ya Tano

Asubuhi ile Yu Kham alipanda darini kugeuza chai, mimi nikamshikia ngazi. Kila kiangazi alifanya hivyo. Alinawa mikono bila sabuni, akafunga nywele kwa kitambaa, akapanda. Nilisikia miguu yake juu ya mbao, kisha kimya. Kimya kile nilikiogopa miaka mingi ya ndoa yetu, nitasema kwa nini.

Akashuka na utando wa buibui begani.

"Mbona umeishika ngazi kama umemkamata mwizi?"

"Usije ukaanguka, mama Lai."

"Nikianguka nitakuangukia wewe. Wewe ni laini."

Tukala wali na majani ya chai yaliyochachishwa ndani ya mwanzi. Kesho yake alianguka kweli, huko shambani, chini ya mti wa chai, kitunga kikiwa mgongoni. Hakuamka.

Yu Kham alizaliwa kijiji hiki hiki. Mimi nilitoka ng'ambo ya bonde. Nilipomwoa nilikaa kwao miaka mitatu kama tufanyavyo sisi Wabulang, watu wa milima ya chai, na mama yake alinitazama miaka yote mitatu kama anayechambua majani mabovu. Yu Kham hakuwa mrembo wa kugeuza watu shingo. Alikuwa na pua. Majirani walimletea majani waliyokaanga, akanusa, akasema, "Karai hili juzi mlipikia nguruwe." Na kweli walipikia.

Mwaka aliomzaa binti yetu, Yu Lai, alishindilia bonge moja la majani ya miti mikongwe ya mama yake. Aliyalainisha kwa mvuke, akayafunga kitambaani, akaweka jiwe juu, akapanda juu ya jiwe na mtoto mgongoni, akawa anayumba taratibu kushoto na kulia.

"Tumelikanyaga wawili," alisema. "Litafunguliwa siku Lai atakapowasha moto nyumbani kwake."

Akalivika ganda la mwanzi, akalipeleka darini.

Chai hunywa harufu ya chochote kilicho karibu. Huku mtoto analijua hilo kabla hajajua jina la babu yake. Darini hatuweki vitunguu saumu wala samaki, na aliyepaka mafuta kichwani hapandi. Nami nilijua.

Lai alipokuwa na miaka sita, nililewa nikaanguka hekaluni siku ya sadaka, mbele ya watawa. Nikaapa kuacha gongo. Yu Kham akatembea kijijini kifua mbele, akiwaambia watu, "Mume wangu ameacha." Mwezi haukuisha, nikaficha mtungi darini nyuma ya mafungu ya chai, mdomo nimeuziba kwa jani la mgomba na nta. Yeye akienda shambani, mimi napanda. Miaka kumi na moja, na kila alipopanda yeye nilikiogopa kimya chake. Halafu tumbo likanikataza, nikautoa mtungi, nikajiambia nimesalimika.

Nyumba ya Lai ilikamilika mwaka mmoja baada ya mazishi. Siku ya kuwasha moto, adhuhuri, tulikaa wanne jikoni: Lai, mumewe Ai Peng, mimi, na Yu Han, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ulimi wake unajulikana hadi sokoni. Lai akabandua ganda, akamegua bonge kwa kisu, akatia kwenye bakuli. Akamimina maji ya kuoshea, akayamwaga. Mvuke ukapanda na harufu. Niliitambua kabla ya wote.

Akamimina mengine juu ya majani yale yale, kama tunavyoyarudia mara nyingi, akagawa maji ya kwanza.

"Ehe!" Yu Han akasema. "Hii chai imelewa."

Ai Peng, ambaye ana adabu, akasema labda ni harufu ya matunda yaliyoiva sana.

"Matunda gani, mkwe? Hiyo gongo." Maji ya pili aliyagusa kwa ncha ya ulimi tu. "Aliiweka wapi, jamani? Kila siku pua ya Kham, pua ya Kham. Kumbe mdogo wangu walimsifu bure."

Lai alimimina ya tatu.

Nilitazama kikombe changu. Mke wangu hakuacha shamba kubwa. Hakuacha watoto wengi. Aliacha jina, kwamba hakuna aliyetunza chai kama yeye katika mlima huu, na jina hilo lilikuwa likitoka pale mbele yangu, kikombe kwa kikombe. Wa kulizuia nilikuwa mimi peke yangu. Nikanywa. Nikasema, "Maji ya moto haya." Basi. Hayo ndiyo niliyosema.

Ya nne Yu Han hakuinua hata kikombe. "Mwaga, mwanangu. Weka chai nyingine, tusiitie nyumba mkosi. Nami wakiniuliza kisimani, nitawaambia ukweli."

Lai akanyanyua bakuli.

"Usimwage." Sauti yangu ilitoka vibaya. "Si yeye. Ni mtungi wangu. Niliuficha kule juu baada ya kiapo."

Ai Peng akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Yu Han akanigeukia.

"Shemeji, umeniacha nimtukane marehemu vikombe vinne?"

"Ndiyo."

"Mbele ya mwanawe?"

"Ndiyo."

Lai akarudisha bakuli chini, akamimina. Maji ya tano. Gongo haikuwamo. Ulikuja uchungu mdogo, kisha asali ya porini, na baada ya kumeza utamu ukarudi kooni, ukakaa. Yu Han alifumba macho. Machozi yakamtoka, akamwomba mdogo wake radhi kwa jina. Mimi hakuniangalia tena.

"Afadhali mama yako hakujua," nikamwambia Lai.

"Alijua, baba."

Akasema alikuwa na miaka kumi, wamepanda pamoja kugeuza chai, mama yake akasogeza fungu na mtungi ukaonekana. Lai akalia kwamba bonge lake litaharibika, akataka walihamishe.

Nikamuuliza Lai, mama yake alijibu nini. Lai akafuta mikono, akanipa maneno kama alivyoyasikia:

"Liache hapo. Harufu itaisha kwenye maji ya tano. Baba yako akijua kwamba tunajua, ataficha uso wake wapi?"