Mama Mkwe na Usingizi Wangu wa Mchana

Asubuhi moja niliamka taya likiniuma. Nikapitisha ulimi, nikakuta kipande cha jino la nyuma hakipo. Usiku uliopita tulikula maharage, basi lawama nikamtupia mke wangu.

"Maharagi yako iko na majiwe," nikamwambia.

Alininunia siku mbili. Maharage yale aliyachagua mwenyewe, punje kwa punje.

Wiki hiyohiyo mama yake, muuguzi mstaafu, au infirmière kama tusemavyo huku, alikuja kwetu Bukavu kutoka Nyangezi. Mimi nimelelewa kumheshimu mama mkwe kwa kukaa mbali naye, na nyumba yetu ina vyumba viwili tu. Akiingia jikoni, mimi natoka uani. Akija uani, nakumbuka shughuli barabarani. Sijapata kutembea namna ile.

Jumapili, baada ya misa na chakula, yeye na mke wangu walikwenda kwa jirani. Nikajilaza kwenye kochi kwa raha zangu. Niliposhtuka, mtu alikuwa amenishika mkono. Mama mkwe! Ameketi kando yangu, vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wangu, macho kwenye saa yake. Nikataka kuinuka.

"Lala," akasema. "Leo miye si mama mukwe. Leo niko infirmière."

"Pardon, maman..."

"Nyamaza kwanza. Unasaga meno sana, papa. Nilizania kuko mutu anasaga muhogo humu ndani."

Mke wangu alisimama mlangoni, amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika.

Kumbe walikuwa wamerudi zamani, na mama mkwe alikuwa amehesabu mapigo yangu muda wote huo.

"Moyo yako inakimbia kwanza," akanieleza, "njo meno inafuata. Kila mara."

Hapo nikaogopa kweli. "Basi moyo iko mugonjwa?"

"Hapana. Mu usingizi ubongo inashituka kidogo, hata haulamuke, unaendelea kulala. Moyo inapiga mbio, kisha taya inaanza kazi. Lakini wende bakupime tension, na umuone docteur wa meno. Na ile kahawa unakunywaka mangaribi, uiache."

Kisha akamgeukia binti yake: "Na ile jino, alilivunja yeye mwenyewe."

Nikaomba msamaha kwa ajili ya maharage palepale, mbele ya wote wawili, nywele zimenisimama, soksi moja mguuni.

Kesho yake nilipimwa. Shinikizo la damu lilikuwa sawa. Daktari wa meno alinionyesha kwa kioo jinsi meno yangu yalivyolika yakawa bapa. Akaziba lile lililovunjika, akanitengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa ninapolala. Alinionya kwamba pengine nitaendelea kusaga, ila sasa nitasaga plastiki. Siku za kwanza nilitokwa na udenda kama mtoto mchanga na mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya majuma machache taya liliacha kuuma.

Mama mkwe alikuwa ameshaondoka. Nilimsindikiza mimi hadi kwenye magari ya Nyangezi, nimembebea mfuko, naye njia nzima akinisimulia wagonjwa wake wa zamani. Gari lilichelewa kujaa. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukaketi kwenye benchi moja, tukala.